Simu Yangu Iliona Mtaa Mzima Umepinda

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa ili mtu asihangaike kunitafutia mwenzangu wa kumlaumu. Si la simu, si la mtandao, wala si la shetani. Shetani siku ile alikuwa na shughuli zake. Ni mimi peke yangu na kiherehere changu ndio tuliowapindisha migongo watoto wa watu, halafu mtoto wangu aliyepinda kweli tukamnyoosha kwa mdomo.

Soma mpaka mwisho, kisha nihukumu unavyotaka. Foleni ya kunihukumu ni ndefu, na wifi yangu ndiye wa kwanza.

Nina kibanda cha vifaa vya simu hapa Isevya, Tabora. Nauza makava, protekta, chaja, na zile erafoni zinazokufa sikio moja kabla hujafika nyumbani. Kwa hiyo mtaani mimi ndiye mtu wa simu. Mtu akisahau nywila, kwangu. Simu ikiganda, kwangu. Taratibu nikaanza kujiona injinia. Jamani, kuuza chaja si uinjinia! Lakini ukiitwa "fundi" kila siku na watu wazima, kichwa kinavimba.

Nina binti mmoja, nimpe jina la Nyamizi, yuko kidato cha kwanza. Na nina wifi mmoja, dada wa mume wangu, anakaa Chemchem, naye ana binti. Nimwite Kalunde, kidato cha pili, shule moja na wangu. Majina nimebadilisha. Wifi akilikuta jina lake hapa atanifuata na mwiko wa ugali.

Huyu wifi sasa, sijui nimweleze vipi bila kutenda dhambi nyingine. Kila tukikutana ni Kalunde. Kalunde kafunga magoli. Kalunde kachaguliwa timu ya netiboli ya wilaya. Kalunde anakwenda kucheza mashindano ya mkoa. Halafu ananigeukia mbele za watu: "Na Nyamizi wetu? Bado anaimba tu?"

Nyamizi haimbi "tu". Ni sauti ya kwanza kwenye kwaya ya vijana kanisani kwetu Moraviani, na akipanda juu hata wazee wanaosinzia wanafumbua macho. Lakini wifi hulitoa lile "tu" kama anatema kokwa la ubuyu. Nikawa namezea. Namezea, namezea, mpaka tumbo likajaa.

Ndipo kukawa na mkutano wa wazazi shuleni. Alikuja dada mmoja wa hospitali, mtaalamu wa viungo, wale wanaowafundisha kutembea tena watu waliopooza. Akatueleza kwamba watoto wakiwa katika umri wa kurefuka, wachache wao uti wa mgongo hujipinda kwa upande, kama herufi ya S. Kupinda huko mara nyingi hakuumi mwanzoni. Hakuletwi na begi zito wala kukaa vibaya, wala mtu hajaroga. Ukikugundua mapema, mtoto anavalishwa mkanda mgumu unaozuia mgongo usizidi kupinda wakati anakua. Ukichelewa, unaweza kuambiwa upasuaji.

Akamwita msichana mmoja mbele, akamwinamisha mikono ikining'inia, kama mtu anayepanda karanga. Akailaza simu yake kwa upana juu ya mgongo. Kwenye kioo ikatokea kitu kama pimamaji ya mwashi, na namba inayopanda upande mmoja ukiinuka. Akaisogeza polepole kutoka mabegani hadi kiunoni.

"Simu hii haitoi jibu," akasema. "Inaniambia tu nani nimtazame vizuri zaidi. Jibu linatoka hospitali, kwa picha ya eksirei."

Akaendelea na maelezo ya jinsi ya kuishika na jinsi ya kuiandaa. Hayo sikuyasikia. Unajua kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuishusha ile programu kwenye simu yangu, nimeinamisha kichwa chini ya dawati kama mwanafunzi anayeibia mtihani! Mambo ya simu nifundishwe mimi? Mimi?

Akamaliza kwa kusema kwamba wiki inayofuata atarudi kuwapima wasichana wa kidato cha kwanza, kila ambaye mzazi wake ameridhia. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, huku naangalia kama imemaliza kushuka.

Jioni ile ile nikamwita Nyamizi chumbani.

Hapa lazima nikueleze kuhusu simu yangu. Nilikuwa nimeivalisha kava la mpira lenye umbo la sungura. Zuri hilo! Jeupe, masikio yanatokeza juu, na kichwa cha sungura kimetuna nyuma ya simu kama andazi lililoumuka, kwenye ncha moja tu. Nililiweka kama tangazo la biashara, na lilikuwa linauza.

Nikamwinamisha mwanangu, nikailaza simu mgongoni, sungura akalala na mashavu yake. Nikasoma. Sifuri! Nikaisogeza chini. Sifuri, moja, sifuri. Nikamwambia, "Mwanangu, umenyooka kama reli ya Kigoma!" Nyamizi akacheka, akavaa blauzi yake, akaenda kuosha vyombo.

Laiti ningeishia hapo.

Kesho yake nikampima binti wa jirani. Saba. Mama yake akashika kichwa. Nikampima mdogo wake. Saba. Nikampima mtoto wa muuza mkaa, saba na nusu. Wakaanza kuletwa kutoka barabara ya pili. Saba, nane, sita, saba. Jamani, kila ninayemwinamisha amepinda! Mtaa mzima umepinda, isipokuwa wangu!

Mtu mwenye akili hapo angejiuliza swali. Mimi sikujiuliza. Niliusifu uzazi wangu. Nilisema kwa mdomo huu, mbele ya wanawake wenzangu, kwamba ukimnyonyesha mtoto vizuri mgongo unakuwa na adabu.

Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori la mahindi na siku hiyo alikuwa amerudi kutoka Ulyankulu, alinisikiliza huku anakula. Akasema, "Mama Nyamizi, mababu zetu walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka hapa mpaka pwani, wakarudi na marobota ya vitambaa. Leo mtaa mzima umepindishwa na madaftari?"

"Wale hawakuwa na mtu wa kuwapima," nikamjibu.

Akanitazama, akaendelea kula. Ni mtu wa maneno machache, na siku ile nilidhani ameshindwa hoja.

Kisha ukaja ubatizo wa mtoto wa shemeji. Pilau, soda, mashangazi wote wamekaa mkekani. Na wifi, bila kuchelewa, akafungua redio yake. Kalunde sasa ameshonewa jezi. Kalunde anaondoka na timu mwisho wa mwezi. Kalunde mwalimu kasema miguu yake ni ya swala. "Na Nyamizi wetu..."

Sikumwacha amalize. "Wifi, hebu mlete huyo swala nimpime."

Tukaingia chumbani, mashangazi nyuma yetu, mlango ukajaa. Kalunde akainama na gauni lake la sherehe, mtoto mwenye adabu, hakubisha. Nikailaza simu. Nikasoma.

Saba.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata mchungaji. Nilifurahi. Nilisikia utamu, kabisa, kama mtu aliyelamba asali ya Sikonge! Mtoto wa watu ameonekana ana kasoro, mtoto aliyeniamkia "shikamoo anti" dakika chache kabla, na mimi nafurahi! Kama kuna mahali nilipopinda, ni hapo.

"Pole, wifi," nikasema, kwa sauti ya huzuni niliyoiazima. "Mwanao amepinda."

Wifi alikauka. Kalunde akainuka, anajipapasa mgongo kwa nyuma. "Anti, mbona mimi siumwi popote?"

"Ndio ugonjwa wenyewe, mwanangu," nikamjibu. "Hauumi."

Ona mambo hayo! Maneno ya mtaalamu nimeyachukua nusu, na hiyo nusu nimeifanya kisu.

Yaliyofuata nayaandika haraka maana yananichoma. Wifi akamtoa Kalunde kwenye timu, akihofia akiruka mgongo utavunjika. Mwalimu wa michezo akaja mpaka nyumbani kubembeleza, akafukuzwa. Nafasi akapewa msichana mwingine, timu ikaondoka. Bibi yake akaondoa godoro, akamlaza juu ya ubao wa mlango wa zamani ili anyooke. Ubao wa mlango, na bawaba zake! Shangazi mmoja akaanza kunong'ona kwamba huo si ugonjwa, ni kijicho cha mtu. Kuhusu kijicho hakukosea sana, ila kijicho changu hakikuroga, kilipima. Na shuleni, mashangazi wakiwa na watoto na watoto wakiwa na midomo, Kalunde akapewa jina. Wakamwita Kona.

Mimi? Mimi nilikuwa nauza makava.

Katikati ya hayo, yule dada wa hospitali alirudi shuleni kama alivyoahidi. Asubuhi hiyo Nyamizi aliniuliza akiwa anafunga viatu, "Mama, leo wanapima migongo. Nipange mstari?"

Nikamwambia, "Wa nini? Umeshapimwa na mama yako. Wewe nenda kipindi cha hesabu, huko ndiko ulikopinda."

Nilijiona nimetania vizuri. Nilicheka mwenyewe. Mungu wangu! Ningeweza kurudisha sentensi moja tu niliyowahi kuitamka tangu nizaliwe, ningerudisha hiyo.

Mama mmoja wa mtaani, ambaye binti yake alipanga mstari siku ile, alikuja kuniambia kwamba hospitali wamemwona hana tatizo lolote. Nikamjibu kwamba simu ya yule dada ni toleo la zamani.

Muhula ukaendelea. Nyamizi akarefuka, ile ya kurefuka unamwona mtoto Jumatatu na Ijumaa ni mwingine. Nikawa natamba. Akaniambia, "Mama, sketi yangu inaning'inia upande mmoja." Nikamlaumu fundi, nikairudisha sketi ikashonwe upya. Ikarudi, ikaning'inia vilevile. Nikamlaumu fundi tena. Akaniambia, "Mama, mkanda wa begi hauachi kuteleza bega hili." Nikamwambia aukaze. Siku nyingine akasema, "Mama, nikisimama sana kwenye kwaya mgongo unachoka."

"Nyamizi, simu ilisema sifuri."

Hakusema tena. Mtoto ukimjibu na simu mara ya kutosha, anaacha kukusemesha.

Kilichotufikisha hospitali ni ule ubao wa bibi. Kalunde, aliyekuwa haumwi popote, sasa alianza kuumwa kila mahali. Wifi akanipigia. Sauti imekwisha kiburi, na nikiri kwamba hata hilo lilinifurahisha. "Wifi, nampeleka mtoto kwa yule mtaalamu. Twende wote, wewe ndiye unayejua namba zake."

Nilivaa kitenge kipya. Naapa, nilivaa kitenge kipya! Nilikuwa nakwenda kukutana na daktari mwenzangu.

Yule dada alimwinamisha Kalunde, akamtazama kwa macho kwanza, muda mrefu, kutoka nyuma na kutoka mbele. Kisha akaweka simu yake. Akapima, akarudia, akarudia tena.

"Huyu mgongo wake ni mzuri kabisa," akasema. "Maumivu ni ya misuli tu. Analalia nini?"

Wifi akanitazama. Nikajikohoza. "Samahani, mtaalamu, mimi nilimpima nikapata saba. Wote mtaani nimewapata hivyo hivyo. Labda simu yako..."

"Naomba nione yako."

Nikaitoa kwenye pochi kwa mbwembwe. Yule dada alipomwona sungura akaziba mdomo kwa kiganja. Akajikaza, maskini, alijitahidi sana kujikaza.

"Iweke hapo mezani, ulivyokuwa unaiweka."

Nikaiweka. Kichwa cha sungura kikainua upande mmoja wa simu, simu ikakaa mshazari. Kwenye kioo ikasoma saba.

"Pole sana, meza yangu," yule dada akasema. "Sikujua kama una kibiongo."

Kalunde ndiye aliyecheka wa kwanza. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu kicheko kikageuka kikawa kilio, akakaa chini na kulia kwa kwikwi. Yule dada akaniambia polepole kwamba siku ile ya mkutano alisema waziwazi, mbele ya wazazi wote, kwamba kava litolewe kabla ya kupima. Nami nikaanza kucheka, kile kicheko cha mjinga cha kuficha uso, natafuta neno la kusema.

Wifi hakucheka. Alikuwa anaitazama ile simu juu ya meza. Kisha akauliza, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha:

"Wifi. Kama sungura alimpindisha kila aliyenyooka, yule mmoja aliyemwona amenyooka yukoje?"

Mayo wane, mama yangu!

Sikuelewa mara moja, au sikutaka kuelewa. Yule dada aliwahi kuelewa kabla yangu. Nilimwona uso wake ukibadilika. "Kuna aliyepata sifuri?"

"Binti yangu," nikasema.

"Kamlete leo."

Nilipanda bodaboda mpaka shuleni na kitenge changu kipya, nikaomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu, nikamtoa Nyamizi darasani. Njiani aliniuliza nani kafariki.

Yule dada alimwinamisha. Hakuweka simu kwanza. Akaniita, "Mama, njoo usimame hapa nyuma yake. Tazama."

Nikatazama. Upande wa kulia wa mgongo wa mwanangu ulikuwa umeinuka kama kilima, wa kushoto umelala. Hata asiyejua kusoma angeona! Hata mimi ningeona ile jioni ya kwanza, kama ningemtazama mtoto badala ya kioo. Alipoinuka nikaona bega moja liko juu. Nikaiona ile sketi inaning'inia. Fundi wa watu nilimtukana bure.

Akapima. Kumi na tatu. Akapima tena. Kumi na tatu.

"Ulipompima wewe, yeye alikuwa ameinuka upande mmoja na sungura akainua upande wa pili," akanieleza. "Vikakutana, simu ikaona sawa. Huenda wakati ule alikuwa na kama saba. Amerefuka sana muhula huu?"

"Sana," akajibu wifi kwa niaba yangu.

"Basi ndipo mgongo ulipozidi kupinda. Mtoto anaporefuka haraka ndipo unapokimbia."

Nyamizi alikuwa anafunga vifungo vya blauzi. Alinitazama tu na kusema, "Si nilikuambia, mama?"

Tulipigwa picha, picha ikathibitisha. Tukaambiwa Mwanza ndiko kwa kupimiwa mkanda. Tulisafiri watatu, mimi, mtoto na baba yake. Tumetoka Tabora alfajiri, mpaka basi linapita Nzega mume wangu anatazama barabara kama yeye ndiye anayeendesha. Nilitamani anitukane nipumzike. Nyamizi aliposinzia dirishani ndipo akaniuliza, bila kunigeukia:

"Kwa nini hukumwacha apange mstari?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kila kitu, unanijua sasa. Kwa hilo sikuwa nalo. Mpaka Mwanza sikuwa nalo, na leo sinalo.

Daktari wa Mwanza hakunilaumu, na hilo nalo liliuma. Alisema hajui kama mambo yangekuwa tofauti sana. Migongo ina tabia zake. Lakini alisema kila mwezi wa kukua ni mwezi, na hii ya nyuma haturudishiwi. Mkanda huenda ukauzuia usizidi. Huenda usitoshe. Tutajua akimaliza kurefuka.

Ukiusikia "mkanda" usifikirie mkanda wa suruali. Ni koti gumu la plastiki, kutoka kwapani mpaka nyongani, lenye mikanda ya kukaza kwa nyuma. Analivaa mchana na kulala nalo, analivua kuoga na kufanya mazoezi aliyopewa. Ukae nalo Tabora mwezi wa kumi, mvua haijaanza, jua linapiga mpaka mbuzi wanatafuta kivuli cha nguzo! Na linabana kifua. Zile noti za juu alizokuwa anazivuta mpaka wazee wanafumbua macho, pumzi haimfikishi tena. Amehamia sauti ya pili. Mwalimu wa kwaya anasema sauti ya pili nayo ni muhimu. Ni muhimu, ndiyo. Lakini najua ilivyokuwa.

Kwa Kalunde nilikwenda kuomba radhi. Nikabeba mchele, nikabeba sukari, nikapanga na hotuba. Wifi akanikaribisha sebuleni, akakaa pembeni, akamwacha mwenyewe anijibu.

Kalunde akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Anti, samahani ya sebuleni siitaki. Uliniambia mbele za watu. Niondolee mbele za watu."

Nikasema nitawaambia mashangazi.

"Mashangazi hawaniiti Kona. Njoo mstarini."

Basi nikaenda mstarini. Mkuu wa shule alikubali, yule dada wa hospitali akaja pia ili awafundishe watoto jambo la kweli baada ya mimi kuwafundisha la uongo. Nilisimama mbele ya shule nzima, asubuhi, bendera imeshapanda. Nikatoa simu. Nikaiweka juu ya meza ya mwalimu wa zamu, nikaisoma kwa sauti: "Saba." Nikavua kava, nikairudisha: "Sifuri." Nikasema, "Kalunde hajapinda. Hakuwahi kupinda. Aliyepinda ni mimi na kava langu."

Walicheka, weee! Walimu walicheka, mlinzi wa getini alicheka. Tangu siku hiyo sina jina langu tena Tabora. Nikipita sokoni ni "Mama Sungura, shikamoo!" Namjibu marahaba, nitafanyaje? Jina la Kona lilikufa siku ile, na mimi nikalipwa la kwangu. Kalunde amerudi uwanjani. Yale mashindano ya mkoa yalishapita, hakuna wa kuyarudia kwa ajili yake. Wifi naye amerudi kutamba, na sasa namsikiliza mpaka mwisho bila kumezea kitu.

Nyumbani hakujatulia vile. Mikanda ya lile koti iko nyuma, mtu hawezi kuikaza mwenyewe. Kila asubuhi Kalunde anatoka Chemchem anapitia kwetu, wanaingia chumbani wawili, wanafunga mlango. Nawasikia wanacheka humo ndani. Mimi nimesimama ukumbini na uji wao. Mgongo wa mwanangu hauguswi na mkono wangu.

Juzi nilijikaza nikamuuliza, "Nyamizi, leo nikufunge mimi?"

Akafikiri kweli, nilimwona anafikiri. Akasema, "Bado, mama."

Hakusema hapana. Alisema bado. Ndiyo hiyo ninayoishika.

Sasa nyie mnaonisoma, wazazi, na hasa nyie wenzangu mnaojiona mnajua. Simkatazi mtu simu. Ile programu haina kosa lolote. Mikononi mwa yule dada imeokoa watoto. Mtoto wako yuko kwenye kurefuka? Mwinamishe, simama nyuma yake, mtazame kwa macho yako mawili, na ukiona upande umeinuka mpeleke hospitali bila kupitia kwa jirani. Wataalamu wakija shuleni, mwache apange mstari hata kama amekosa hesabu. Akikuambia sketi inaning'inia, usimkimbilie fundi. Na siku ukijikuta umepima dunia nzima ukaona imepinda yote isipokuwa mwanao, usipige vigelegele kama mimi. Mshike mkono huyo mwanao, ukimbie naye.